Kila Simu ya Dharura Huja na Urongo Wake

Mtu akipiga simu usiku huku akilia kwamba mgonjwa wake anakufa, mara nyingi mgonjwa huyo nitamkuta ameketi kitandani akiuliza kwa nini tumechelewa. Lakini mtu akipiga kwa sauti ya chini, akaeleza kwamba kijana ameanguka kidogo tu na kwamba ingekuwa vyema tukija bila king'ora, hapo mimi humwambia dereva akaze mwendo. Nimejifunza hayo kwa miaka 12 ndani ya gari la wagonjwa huku Mombasa, Kenya, kutoka Mtwapa hadi Likoni na kutoka Mji wa Kale hadi Mazeras, na si elimu ninayojivunia. Nilipoanza kazi niliamini kila nililoambiwa. Leo siamini neno la mtu yeyote mpaka niweke vidole vyangu shingoni mwa mgonjwa nihesabu mapigo mwenyewe.

Ninaandika kuhusu uongo, au urongo kama tunavyouita huku Mvita, kwa sababu nimeuona ukiua. Kila tunapoulizwa kwa nini watu wanafia njiani, majibu huwa ni yaleyale: magari ni machache, kuna foleni Changamwe, feri imechelewa. Yote hayo ni kweli, nami nimeyalalamikia kwa miaka. Hata hivyo, nimewahi kufika kwa mgonjwa ndani ya dakika 8, nikiwa na oksijeni, dawa na mwenzangu mwenye ujuzi kunishinda, na bado mgonjwa huyo akafa kwa sababu watu waliokuwa naye chumbani walinitazama usoni wakanificha jambo moja.

Nianze na urongo ulio mwepesi kuliko wote, ule wa kukuza. Alasiri moja tuliitwa Changamwe kwa mtu "anayetapika damu na hapumui". Tulipita upande usio wetu wa barabara, matrela yakitupisha kwa shida, na tulipofika tukamkuta mzee ameketi barazani na kitambaa mdomoni. Alikuwa ameng'olewa jino asubuhi na damu ilikuwa haijakatika. Nilimgeukia mwanawe kwa hasira, naye, bila kuinamisha macho, akaniuliza: "Daktari, ningesema ni jino mngekuja?" Kisha akanisimulia kwamba mwaka uliotangulia mkewe alishikwa na uchungu usiku, akapiga simu na kueleza mambo kama yalivyo, kwamba mimba ni ya kwanza na chupa bado haijapasuka, akaambiwa asubiri. Alisubiri mpaka mkewe akajifungua ndani ya tuktuk kando ya barabara. Tangu siku hiyo, kwake yeye, kila mgonjwa hapumui.

Wakati tulipokuwa tukimbana yule mzee pamba kwenye ufizi, ilikuja simu kutoka Mikindani, mwendo mfupi tu kutoka tulipokuwa, ya mtoto mwenye degedege. Tulikuwa tumeshahesabiwa kuwa na mgonjwa mahututi, kwa hiyo akapelekewa gari lililokuwa Bamburi. Mtoto alipona, lakini alikaa katika hali ile zaidi ya nusu saa, na nusu saa ya degedege si jambo dogo kwa ubongo wa mtoto wa miaka miwili. Mwenye jino hakujua, na hata leo hajui, ni nani aliyelipia urongo wa mwanawe.

Pamoja na hayo, simlaumu yule kijana kama ninavyotulaumu sisi. Tuna sentensi yetu, "gari liko njiani", ambayo nimeisikia kwa masikio yangu ikisemwa katika kampuni moja niliyowahi kuitumikia, gari lenyewe likiwa limesimama uani halina mafuta, au sisi wenyewe tukiwa bado tunaosha damu ya mgonjwa aliyetangulia. Anayepokea simu haruhusiwi kusema kwamba hakuna gari, maana mpigaji atatafuta kampuni nyingine. Familia hukaa ikisubiri, ikitoka nje kila mara kusikiliza king'ora, hali mlangoni kuna tuktuk ambayo ingemfikisha mgonjwa hospitali. Mtu aliyekatwa mshipa wa paja ana dakika chache tu. Angeambiwa kweli, jirani yeyote angekandamiza jeraha kwa kanga kwa nguvu zake zote na kumkimbiza. Kwa kuwa tumewazoesha watu kutotuamini, wanapiga kila mahali kwa pamoja: 999 na 112 zinapokewa na polisi, 1199 ni ya Msalaba Mwekundu, na kila hospitali ya kibinafsi ina namba yake. Kote wanajibiwa kwamba gari liko njiani. Ama tunakutana magari matatu kwenye mlango mmoja, ama halifiki hata moja, kila kituo kikidhani mwenzake amekwenda.

Kuhusu maelekezo ya njia sitasema mengi. "Niko hapa barabarani nimesimama" husemwa na mtu aliye ndani ya nyumba, na kila msikiti wa Kisauni una duka nyuma yake.

Urongo unaoniumiza ni ule wa chumbani. Usiku mmoja, muda mfupi baada ya sala ya Isha, tuliitwa Mishomoroni kwa msichana wa miaka 19 hivi aliyesemekana amekula samaki walioharibika. Mjomba wake alisimama mlangoni akiwa amejaza nafasi yote, akanieleza habari ya samaki kabla sijauliza. Msichana alikuwa amelala chini, kwenye mkeka, nguo zimeloa jasho, mate yakimtoka bila kukoma, machozi nayo, na kifua chake kikisikika kama sufuria inayochemka. Nilimfungua jicho nikamulika: mboni ilikuwa imekaza, ndogo kama ncha ya sindano. Chumba kizima kilikuwa na harufu kali ambayo hakuna samaki aliyepata kuitoa. Nikauliza tena amekunywa nini. Mjomba akasema samaki. Mama akatazama ukutani, akasema samaki. Nilipoinuka kuchukua sanduku, bibi aliyekuwa ameketi pembeni na tasbihi, ambaye hakuna aliyekuwa akimjali, alinishika suruali kwa vidole viwili akaninong'oneza: "Mwanangu, tazama chini ya kitanda."

Ilikuwa chupa ya dawa ya kuogeshea mifugo, ile ya kuua kupe, na nusu yake haikuwamo. Sumu ya jinsi hiyo humfanya mtu azame katika maji ya mwili wake mwenyewe, mapafu yakijaa makohozi na moyo ukipunguza mwendo. Dawa yake inajulikana, atropini, nayo hutolewa kwa kiwango kikubwa na kurudiwa mpaka mapafu yakauke, kiwango ambacho hakuna mhudumu mwenye akili atakayemdunga mtu aliyekula samaki wabovu. Sumu hiyo hupenya hata kwenye ngozi, kwa hiyo nguo zilitakiwa kuvuliwa na mwili kuoshwa, na mwenzangu, aliyekuwa amemkumbatia msichana yule bila kujua, aliumwa kichwa mpaka asubuhi. Tulipiga simu mbele ili wauguzi wajiandae. Msichana alikaa chumba cha wagonjwa mahututi siku kadhaa, akatoka akitembea. Aliokolewa na bibi yake.

Katika gari nilimuuliza mjomba kwa nini alinificha. Alinitajia sheria, na aliijua vizuri kuliko mimi wakati ule: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichosema kwamba anayejaribu kujiua ametenda kosa, ambalo adhabu yake ilikuwa kifungo cha hadi miaka miwili. Aliogopa kwamba msichana akipona ataamkia pingu. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, nami nilifurahi siku ile kama mtu aliyeongezewa mshahara. Lakini habari ya hukumu haifiki Mishomoroni kwa haraka kama ilivyofika hofu ya sheria, na hata ikifika, aibu haina mahakama ya kuifuta. Watu huogopa majirani, huogopa imamu au padri atasema nini, huogopa posa ya dada mdogo. Ninayaelewa yote. Nimezaliwa na kulelewa katika nyumba za namna hiyo. Ninachoomba ni kwamba mtu anivute kando, kama alivyofanya bibi yule, aninong'oneze.

Nasema hivi kwa sababu kuna nyumba nyingine, kule Mji wa Kale, ambako hakukuwa na bibi. Umeme ulikuwa umekatika, tukafanya kazi kwa mwanga wa simu. Kijana wa miaka ishirini na kitu, amelazwa kwenye kochi, rangi ya midomo imegeuka, akivuta pumzi tano au sita kwa dakika, hali mtu mzima huvuta kati ya 12 na 20. Mboni zake nazo zilikuwa kama ncha ya sindano. Msomaji asiye wa kazi hii afahamu uzito wa jambo hili: mboni zilezile nilizoziona Mishomoroni, lakini huyu alikuwa mkavu, hana jasho wala mate, na pumzi zake zilikuwa za mtu anayesahau kupumua. Mama yake alisema ana ugonjwa wa sukari. Nilianza kumsukumia hewa kwa mfuko, mwenzangu akamtoboa kidole, sukari ikawa ya kawaida. Nikauliza kama anatumia unga, yaani heroini. Mama alinijibu kwa ukali kwamba mwanawe si wa namna hiyo. Nikauliza kama amepewa kitu chochote mdomoni. "La," akasema, "hata maji hajaonja."

Tulimpa naloksoni, dawa inayozima makali ya heroini, kwa sababu mwili wake ulikuwa ukisema yale ambayo mama alikataa kuyasema, na ndani ya dakika mbili akaanza kuvuta pumzi mwenyewe. Ungedhani tumeshinda. Kisha akakohoa, na kilichomtoka mdomoni na puani kilikuwa cheupe. Nilipeleka bomba la kunyonyea nikatoa maziwa, mengi, yakiwa na vipande vilivyokwisha kuganda. Walikuwa wamemnywesha paketi nzima kabla hatujafika, wakiamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba maziwa hukata kila sumu, na paketi ilikuwa imesukumwa chini ya kochi ili nisiione. Mtu asiyejitambua hawezi kumeza. Kila alichonyweshwa kiliingia mapafuni, nami, kwa kuwa niliambiwa hakuonja hata maji, nilikuwa nimekisukuma chini zaidi kwa kila pumzi niliyompa. Alifariki hospitali siku ya tatu. Huyo ndiye niliyemtaja mwanzoni, ambaye tulimfikia ndani ya dakika 8.

Mama yule sitamlaumu kwa maziwa. Maziwa yalikuwa mapenzi. Ninaumia kwa sababu aliniona mimi, nikiwa na glavu na begi la oksijeni, akamwona polisi. Na ukweli ni kwamba baadhi ya magari yetu huitwa na polisi, huongozwa na polisi, na wapo wahudumu wanaotoa habari za mgonjwa kituoni kabla mgonjwa hajafika wodini. Maadamu hilo linaendelea, kampeni zote za kuwaomba wananchi watueleze ukweli ni maneno matupu. Siri ya mgonjwa ingelindwa kwa dhati, kwa adhabu kali kwa mhudumu anayeivunja, ningeziona paketi nyingi za maziwa zikiwa juu ya meza.

Barabarani urongo huwa ni wa hesabu. Swali letu la kwanza kwenye ajali ni moja: walikuwa wangapi? Lori lilipinduka usiku karibu na Mazeras, dereva akatolewa akiwa na mkono uliovunjika, akaapa kwamba alikuwa peke yake. Tulimfunga, tukampandisha, na tulikuwa tunafunga mlango wakati kijana mmoja wa bodaboda alipookota ndara ya kike kwenye nyasi, ndogo, ya rangi ya waridi, ikiwa bado na joto la mguu. Alikuwamo mwanamke aliyelipa nauli ya kufika Mombasa, naye alikuwa amebanwa chini ya kabini ya dereva upande wa mtaro. Tajiri wa lori alikuwa amekataza kubeba abiria, na dereva alihofia kazi yake. Alihofia kazi yake huku mtu akiwa chini ya chuma hatua sita kutoka aliposimama. Mwanamke huyo yu hai, na bado ninapomkumbuka dereva yule mikono yangu hukunja ngumi.

Mji huu unapaswa kuwa wa mwisho kuchezea hesabu ya watu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe iliyopaswa kubeba watu 300 ilizama karibu kabisa na ufuo ikiwa na watu wapatao 400, na maiti zikahesabiwa 272. Waliokwenda kuokoa hawakuwa na orodha ya kuwaambia ni lini waache kutafuta.

Kisha tunafika kwenye lango la hospitali, na hapo wanaotudanganya ni wenzetu wa makoti meupe. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imeweka faini ya hadi shilingi 3,000,000 kwa hospitali yenye uwezo inayokataa kuyatoa. Nilidhani sheria hiyo ingefungua malango. Nilichokiona ni kwamba zamani mlinzi alikuja dirishani akauliza waziwazi nani atalipa amana, na siku hizi huja akasema hakuna kitanda, au mashine imeharibika, au daktari hayupo. Mgonjwa anayefuata, aliyevaa saa ya thamani, huyo kitanda chake hupatikana. Nimesimama kwenye lango moja kwa dakika 20 nikiwa na mama aliyekuwa akivuja damu baada ya kujifungua, nikiambiwa hakuna nafasi, na kupitia kioo cha mlango nilikuwa nikiviona vitanda viwili vimetandikwa. Tuliishia Makadara, hospitali kuu ya umma ambayo hulaumiwa na kila mtu na humpokea kila mtu. Ningependa kila gari la wagonjwa lipewe mamlaka ya kuandika saa, lango na sababu iliyotolewa, na karatasi hiyo ipelekwe mahali ambapo kuna mtu wa kuisoma. Kwa mujibu wa Katiba huduma ya ambulensi ni jukumu la kaunti. Basi kaunti ianzie hapo, na pale kwenye meza ya kupokea simu, ambako mhudumu anapaswa kuruhusiwa kusema: gari la karibu liko mbali kwa dakika 40, mlaze ubavu, usimpe kitu mdomoni, mleteni kwa chombo mlicho nacho.

Nimesema ya wote, na nisiposema yangu nitakuwa nimeongeza urongo mwingine. Asubuhi moja tulimchukua mzee huko Shika Adabu aliyepigwa na kiharusi. Tulipofika kwenye foleni ya feri Likoni mboni yake moja ilikuwa imepanuka na kuacha kuitikia mwanga, na mapigo yalikuwa yakirudi nyuma, 50, kisha 44. Nilijua maana yake: alikuwa akifa. Feri ilipoondoka nilikuwa nikimsukumia hewa kwa mfuko, na kifua chake kilipanda na kushuka vizuri, kama cha mtu aliyelala. Watu walikuwa wamejazana pande zote za gari, wengine wakichungulia. Mkewe, aliyeketi kwenye benchi mbele yangu, aliuliza: "Mwanangu, anapumua?" Nikamwambia anapumua, na kwamba tukifika ng'ambo atapata daktari. Mkondo ule una upana wa mita 500 hivi. Moyo ulisimama tukiwa katikati ya maji, na yote tuliyoyafanya kuanzia hapo hayakuurudisha.

Wiki nyingi baadaye, eda ya mjane yule ikiwa haijaisha, alimtuma mwanawe anitafute, nikaenda kwake na kuketi barazani, yeye akiwa ndani nyuma ya pazia. Alinishukuru kwa kazi. Kisha akaniambia kwamba lile swali aliniuliza kwa sababu alitaka kujua kama ni wakati wa kumsomea mumewe sikioni Yasini, ile sura ya Kurani anayosomewa mtu anayekata roho, na kwamba nilipomjibu anapumua, aliufunga msahafu, akafungua pochi, na kwa muda wote uliobaki wa safari alikuwa akihesabu pesa za hospitali.